Chonga Hazaliwi Juu ya Mnazi

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa idara ya njia ya reli mbele ya mkutano wa tawi, Changamwe. Yamechapwa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku ile.)



Katibu alipotangaza ya kwamba leo patasemwa habari za mdudu, wako waliocheka. Walisema mkutano wa chama ni mahali pa mishahara na saa za kazi na nyumba, si mahali pa wadudu. Sawa. Walakini nami nawauliza: ni wangapi humu ndani wenye minazi, ama ya mzazi, ama ya mke, ama ya kununua kwa jasho lao, kule Likoni na Mtongwe, au Kisauni na Mwakirunge, au hapa nyuma yetu Miritini? Nyosheni mikono. (Mikono mingi.) Basi mmejijibu wenyewe. Mshahara twaupigania hapa, lakini tarehe ishirini ikifika na mfuko umekauka, tui la mchuzi latoka kwenye mnazi. Makuti ya banda yatoka kwenye mnazi. Fagio, kamba, kuni za makumbi, dafu la mgeni, vyote huko. Na tena mnazi hauna barua ya kustaafu: mtu atoka kazini na miaka yake, mnazi wamngoja nyumbani.

Mimi si bwana shamba. Nilisoma shule ya msingi ya misheni nikaishia hapo, kisha nikaja kwenye reli. Haya nitakayosema nimeyapata kwa kuwauliza watu wa kilimo, na kwa wakwezi, na zaidi kwa kupasua magogo kwa shoka na kutazama kilichomo.

Huyo mdudu ni chonga. Wengi wenu mnamjua. Wenzetu wa zamu ya usiku pale yadi wamemwona akija na ngurumo yake, akigonga taa na kuanguka chini kifudifudi. Ni mweusi au wa rangi ya kahawa iliyoungua, mwili wake mgumu wang'aa, urefu wake kama senti meta nne, na puani ana pembe moja iliyopinda nyuma kama ya kifaru. Dume pembe yake ni ndefu. Jike pembe yake ni fupi, na mwisho wa tumbo lake ana manyoya ya wekundu-wekundu. Wote wawili huharibu, kwa hiyo hapana haja ya kumwuliza jinsi yake kabla ya kumkanyaga.

Mchana hulala. Usiku huruka, akatua katika kilele cha mnazi, akashuka mpaka penye kikonyo cha kuti, pale ambapo kuti limeshikana na shina na kilifu kimefunika. Hapo huanza kutoboa. Hali mbao, afyonza maji ya mnazi. Atafuna nyama changa, anywa utomvu wake, na nyuzi zilizobaki azisukuma nje kwa nyuma. Aingia ndani mpaka kwenye yale makuti yaliyo bado kufunguka, yaliyosimama katikati kama mkuki. Akifika penye shaha lenyewe, mnazi umekwisha. Mnazi hauna matawi. Mwembe ukikatwa tawi utachipua lingine, bali mnazi una moyo mmoja tu, na moyo huo ukifa hapana mwingine.

Sasa natakeni msikilize sana jambo hili, maana hapa ndipo wengi hukosea. Wewe waingia shambani asubuhi, watazama juu, waona kuti limekatwa pembe tatu-tatu pande zote mbili, kama mtoto alivyokunja karatasi akaikata kwa makasi kisha akaikunjua. Wasema, “Chonga ameingia!” La, huyo alishaingia zamani. Kuti lile lilikatwa wakati lilipokuwa limejikunja ndani ya mkuki, na tangu hapo limepita miezi mpaka likafunguka. Alama ile ni barua iliyochelewa posta. Ukitaka kujua kama yumo leo, usitazame kuti lililofunguka. Tazama chini ya vikonyo vya makuti ya katikati. Ukiona tundu la kuingia kidole, na nyuzi mbichi zilizotafunwa zimetokeza nje kama kumbi la kusugulia sufuria, bado zina majimaji, basi mwenyewe yumo ndani. Nyuzi zikiwa kavu na nyeusi, ameshatoka.

Hasara yake ni hii. Mnazi mzima wenye afya hutoa kuti jipya kadiri ya moja kila mwezi, na kila kuti lina karara lake, na kila karara ni kole la nazi. Kwa hiyo chonga atoboapo mkuki, hakukata kuti tu. Mara nyingi karara lililo ndani hutobolewa lingali changa, nalo hukauka bila kufunguka. Kutoka karara kufunguka mpaka nazi kukomaa ni kama mwaka mzima. Basi nazi utakazozikosa mwakani zimeliwa usiku wa leo. Na kwa mche ni vibaya zaidi. Mnazi wetu mrefu wa pwani hauzai kabla ya miaka sita au saba. Mche wa miaka mitatu shaha lake li karibu, chonga hahitaji kuchimba sana. Ukifa, umepoteza miaka mitatu, na ukipanda mwingine wangoja tena sita.

Sasa nakuja kwenye neno nililolijia. Chonga anakula juu ya mnazi, lakini hazaliwi juu ya mnazi. Mtu aweza kupanda juu kila juma akawatoa mmoja mmoja maisha yake yote, nao wasiishe, kwa sababu kiwanda kiko chini. Jike hutaga mayai yake katika kitu kilichooza. Gogo la mnazi lililolala chini likaanza kulainika, kisiki cha mnazi uliokatwa, mnazi mfu uliosimama bila kilele, lundo la samadi nyuma ya banda la ng'ombe, jaa la makuti na maganda, unga wa msumeno uliorundikwa penye mapasuo ya mbao. Humo ndimo nyumbani kwake.

Yai huanguliwa baada ya siku kumi au zaidi kidogo. Atoka funza mweupe, mnene, amejikunja kama kulabu, kichwa cha rangi ya kahawia, ana miguu sita midogo mbele. Huyo funza hamdhuru mnazi mzima hata kidogo. Ala uozo tu, miezi mitatu, minne, hata zaidi, mpaka awe mnene kuliko kidole gumba. Kisha hujijengea chumba chake humo humo gogoni, akalala kama majuma matatu, akageuka, akatoka na pembe yake. Wastani ni kama nusu mwaka tangu yai mpaka kuruka. Naye akisha kuruka, hana habari ya ua wala mpaka wa kiwanja. Gogo liko kwangu, mnazi unaoliwa ni wako. Ndiyo maana nimelileta jambo hili kwenye chama, sikulinyamazia nyumbani kwangu.

Nawaambieni nilichokiona. Karibu na shamba la mama yangu, upande wa Mtongwe, palikuwa na kiwanja kilichouzwa. Mnunuzi alikata minazi minne apate nafasi ya msingi, akajenga, akahamia, na magogo akayaviringisha mpaka kwenye mpaka akayaacha. Hakufanya ubaya wa makusudi. Kwao bara hakuna minazi, angejuaje? Mwaka wa kwanza hapakuwa na neno. Mwaka wa pili makuti ya mama yakaanza kukatika. Nilikwenda na shoka nikapasua kipande kimoja cha gogo, urefu wake kama kitanda, nikatoa funza zaidi ya thelathini, wakubwa kwa wadogo. Gogo zima lilikuwa refu mara saba ya kipande kile, nayo magogo yalikuwa manne. Yule bwana alipoona kile kikapu alishika kichwa. Jumamosi iliyofuata tulikuwa pamoja, yeye na wanawe na mimi, tukipasua.

Angalieni mambo yalivyo siku hizi katika bara yote inayoizunguka Mombasa. Mashamba yakatwa viwanja, kila kiwanja minazi yaangushwa, na gogo la mnazi si kama gogo la mwembe ambalo wachoma makaa huja kuligombania. Ni zito, limejaa maji, halishiki moto, basi huachwa. Kila nyumba mpya yaweza kuacha kitalu cha chonga nyuma yake.

Na hatari kubwa kuliko gogo ni ule mnazi mfu uliosimama. Umepigwa na radi au umekufa kwa uzee, kilele kimeanguka, limebaki shina kama mlingoti. Hapana anayeutazama. Lakini juu pale umeoza na kushika maji ya mvua, nao chonga wazaliana kwa raha, mbali na kuku na mbali na macho ya watu. Ukitaka kujua chonga wa mtaani watoka wapi, anza kwa kuhesabu milingoti hiyo.

Basi tufanyeje? Nitaanza na gogo.

Gogo bichi halichomeki, msipoteze mafuta ya taa. Lipasue kwa urefu, vipande viwili au vinne, uyaelekeze matumbo juu kwenye jua. Likikauka halimfai chonga, maana ataka unyevu. Ngozi ya nje ya shina ni mbao ngumu na nzuri. Wako mafundi waipasuao kwa boriti na milango na vigingi vya ua, hivyo mtafute fundi kabla gogo halijaanza kuoza, utapata hata senti mbili tatu. Matumbo laini ya katikati ndiyo ya kuchoma yakisha kukauka, pamoja na makuti. Kama limekwisha kuoza, lipasue lote, toa funza, wape kuku. Kuku hawahitaji kufundishwa kazi hiyo. Kisiki kikatwe chini kabisa usawa wa ardhi na kufunikwa udongo. Mnazi mfu uangushwe kwa msumeno na kamba, na watu wanaojua. Msimpandishe mkwezi juu yake, kwani shina lililooza laweza kukatika katikati naye yuko juu. Na mtazame nyaya za stima kwanza. Sisi tuliozoea kufanya kazi njiani twajua ajali haingoji.

Ukipasua gogo lenye unyevu mwingi, pengine utakuta funza amekufa, amekuwa mgumu kama chaki, amefunikwa na unga wa rangi ya kijani. Huyo usimtupe motoni. Ameuawa na ukungu, nao ukungu huo huambukiza funza wenzake. Mrudishe kwenye uozo palipo na walio hai. Kazi yake aijua.

Samadi ni mali, sisemi mtu aitupe. Ila lundo lisikae miezi sita bila kuguswa. Ligeuze kwa jembe kila mwezi au kila miezi miwili, kuku wakiwa karibu, kisha litandaze shambani.

Sasa juu ya mnazi. Kwa minazi michanga ambayo mtu aifikia akiwa amesimama, pita kila juma moja au mawili. Ukikuta nyuzi mbichi, chukua uzi wa chuma mgumu, ncha yake imetengenezwa chembe kama ya ndoana. (Uzi wa kununua dukani, ndugu zangu, si wa stoo ya kazi. Msije mkasema nimewatuma.) Uingize polepole kufuata tundu mpaka uguse kitu kigumu, kisha uchome na uvute. Usizungushe zungushe kwa nguvu, utamaliza shaha ambalo chonga alikuwa hajalifikia. Akisha kutoka, jaza tundu na vikonyo vya makuti matatu au manne ya juu kwa mchanga uliochanganywa na kokwa za mwarobaini zilizotwangwa, kipimo kwa kipimo. Mwarobaini hatuna uhaba nao, kila uwanja Mombasa unao. Mchanga humkwaruza na kumzuia asipite penye vikonyo, na uchungu wa mwarobaini humfukuza. Baada ya mvua kubwa tia tena. Wazee wengine hutumia mchanga na jivu, nao husaidia.

Kwa minazi mirefu, sema na mkwezi wako. Yeye yuko juu kila anapoangua. Mpe ule uzi, mwonyeshe nyuzi mbichi zinavyokuwa, na umwongeze kitu kwa kila chonga anayeshuka naye. Mkwezi asiyelipwa kwa jambo hili hatalitazama, na ni haki yake. Sisi wana chama tusiwe wa kwanza kutaka kazi ya bure.

Jambo moja nalikataza kabisa: kumwaga oili chafu ya magari au dizeli juu ya kilele. Nimeona minazi iliyofanyiwa hivyo. Chonga alikufa, na mnazi ukamfuata. Vile vile msichukue dawa kali ya kunyunyiza ambayo hamjui jina lake wala kipimo chake. Zamani zilitumika dawa kama DDT na dieldrini, na baadaye ikaonekana zinakaa ardhini na katika miili ya watu miaka mingi. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulizipiga vita dunia nzima. Dafu mtu hulinywa bila kulichemsha. Kumbukeni hilo. Mwenye shaka na aulize ofisi ya kilimo ya kaunti, au kituo cha utafiti cha Mtwapa, si mbali.

Iko mitego pia. Chonga dume hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na wataalamu wameitengeneza harufu hiyo, hutundikwa juu ya ndoo, wadudu wakaja wakatumbukia. Ni kitu kizuri. Ila mtego bila kuondoa magogo ni kama kukinga maji ya paa linalovuja kwa kikombe.

Tusidhani sisi pekee ndio wenye taabu hii. Mwaka 1909 chonga wa Asia, ndugu wa huyu wetu, alifika Samoa katika bahari ya Pasifiki, pamoja na miche ya mpira iliyotoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Hakuwako kabla. Alivipiga visiwa vile na vya jirani vibaya sana. Kisha mwaka 1963 mtaalamu mmoja Mjerumani, Alois Huger, aligundua huko Malaysia ugonjwa wa virusi unaowaua, nao ukapelekwa Samoa mwaka 1967, na wadudu wakapungua sana. Tanzania nao walijaribu ugonjwa huo juu ya chonga wetu katika miaka ya 1980, lakini haukumshika kama ulivyomshika yule wa Asia. Huyu wetu ni mkaidi. Yule wa Asia aliendelea na safari: Guam mwaka 2007, Hawaii mwaka 2013. Hasafiri kwa mbawa bahari nzima. Apanda ndani ya mizigo. Wenzetu mnaofungua makontena na kupakia mabehewa, mkiona mdudu mkubwa mwenye pembe au funza mnene katika mbolea au mbao za kufungia mizigo kutoka ng'ambo, msimtupe tu. Mwiteni mkaguzi wa mimea bandarini.

Nimemaliza yangu. Naomba maswali.

(Maswali yalikuwa mengi. Machache yanachapwa hapa.)

Ndugu mmoja wa karakana aliuliza: “Mnazi wangu Kisauni haukukatwa makuti, lakini nikiweka sikio shinani nasikia kitu chatafuna, na pametoka maji mekundu yenye harufu chachu. Huyo pia ni chonga?”

Jibu: Huyo si chonga, ni mwingine, mbaya kumshinda. Ni mdudu mwenye mdomo mrefu mwembamba kama mkonga. Yeye hutaga katika jeraha la mnazi ulio hai, na funza wake, asiye na miguu, hutafuna shina kutoka ndani mpaka kilele kikaanguka. Aingilia wapi? Katika matundu yaliyoachwa na chonga, na katika majeraha ya panga. Kwa hiyo ukimzuia chonga umemfungia huyu mlango mmoja. Mnazi uliokwisha kusikika sauti ndani na kutoa harufu, mara nyingi haupone. Uangushwe upesi, upasuliwe na kuchomwa kabla hawajatoka kwenda kwa jirani. Jamaa wa huyo mdudu ndiye aliyeingia katika mitende ya nchi za Ghuba katika miaka ya 1980, na mpaka leo wanapambana naye.

Bibi mmoja, mke wa mwanachama, aliuliza kama wagema ndio wanaoleta mdudu huyo.

Jibu: Mama, mgema hamleti. Ila panga lake likikata shina badala ya karara tu, au akichonga ngazi za miguu kwenye shina, humfungulia mlango. Mwambie apande kwa kamba, na vikato vya ngazi vilivyopo vizibwe kwa lami au udongo wa mfinyanzi. Tembo lake tutaendelea kulinywa. (Kicheko.)

Kijana wa stesheni aliuliza juu ya maji ya moto, wale siafu wekundu wa juu ya miti: je, hawamli chonga?

Jibu: Hawamwezi, ngozi yake ni ngumu. Lakini usiwaue. Hao huwafukuza wadudu wafyonzao vidaka, wanaofanya nazi changa zianguke kabla ya wakati. Bwana Way, Mwingereza aliyechunguza jambo hilo Unguja, alionyesha ya kwamba mnazi wenye maji ya moto huzaa vizuri, na mdudu yule mfyonzaji amepewa jina lake. Sijui kama ni heshima. Wacha waume, mkwezi atalalamika, lakini nazi zitabaki.

Mzee wa kikosi cha njia aliuliza habari ya mkanju: matawi yakatika yenyewe, yamezungushiwa kato kama la kisu.

Jibu: Huyo ni mdudu mwenye papasi ndefu kuliko mwili wake, mgongo wa rangi ya machungwa wenye mabaka meusi. Hulizunguka tawi akilitafuna mpaka likabakia kijiti kidogo katikati, kisha jike hutaga mayai juu ya kato. Tawi hufa, funza hukulia ndani yake. Dawa ni moja: yaokote matawi yote, yaliyoanguka na yanayoning'inia, na misufi iliyo karibu uitazame vile vile, uyachome. Ukiyaacha chini ya mti, umewatunza watoto wake. Waona mzee, ni hadithi ile ile ya gogo. Na ikiwa ni tundu katika shina la mwembe linalotoa unga wa mbao, ingiza uzi wa chuma umchome funza, uzibe kwa udongo.

Mzee huyo huyo akasema ya kwamba ndiyo sababu reli ya kale ilitandikwa mataruma ya chuma, kwa kuogopa mchwa, na Wazungu walijua. Mwenyekiti akamwomba ayaweke hayo kwa mkutano mwingine.

Mwanachama wa Likoni aliuliza: “Mimi ni mpangaji. Mnazi mfu ni wa mwenye nyumba, yuko mbali, hajibu simu. Nifanyeje?”

Jibu: Usiukate bila ruhusa, utaletewa kesi. Mwandikie, au mwandikie kupitia mzee wa mtaa, umweleze gharama haitakuwa yake, watu tunao. Wengi hukubali wakisikia hakuna malipo. Asipojibu, mzee wa mtaa awe shahidi, na twende naye kwa chifu.

Baada ya hapo mkutano ulikubaliana mambo haya. Kila mtaa utoe watu wawili wa kuzunguka na kuandika magogo, visiki na minazi mifu, na mwenyewe ni nani. Orodha ziletwe kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kazi ianzie Likoni, kwa kuwa huko ndiko kulikoonekana mingi. Msumeno mkubwa wa watu wawili tunao mmoja, na kamba mbili. Watu wa Changamwe na Kisauni wanaokwenda kusaidia wakutane ng'ambo ya feri, Jumapili ya kwanza baada ya mshahara, saa moja ya asubuhi. Mwenye shoka aje nalo. Akina mama wa Mtongwe wameahidi chai na mihogo. Na wenye kuku karibu na magogo wanaombwa wasiwatupie chakula asubuhi ile.